Usiku wa muziki wa country Lubumbashi: dola 10, yaya wangu, na wimbo tuliouimba kwenye kilio

Nianze na pesa, maana hapa kwetu hilo ndilo swali la kwanza. Tiketi ya kawaida ilikuwa dola 10, ya mbele dola 25 pamoja na bia moja. Nilichukua mbili za kawaida, yangu na ya yaya, yaani dada yangu mkubwa, nikalipa kwa simu siku nne kabla, nikapokea ujumbe wenye namba za viti. Mlangoni namba hizo hazikusaidia kitu. Kijana mwenye daftari alitafuta majina yetu kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari, huku foleni ikirefuka hadi barabarani. Kuingia ndani tukakuta viti vyetu vimekaliwa na baba mmoja na mke wake, nao wana namba zilezile. Hakuna aliyeomba radhi. Wakatuletea viti viwili vya plastiki, wakavibana pembeni mwa jukwaa upande wa kulia. Uzembe huo nitaurudia, kwa sababu ndio uliotupatia usiku wetu.

Tangazo lilisema saa 12 jioni. Gita la kwanza lililia saa 2 kasoro dakika 20. Kama unatoka mbali, Katuba kama sisi au Ruashi, usijiue kwa haraka.

Yaya ana miaka 52, anauza kapenta, samaki wadogo kama dagaa, soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, na usiku hatoki. Kumtoa nyumbani nilitumia jina la Baba. Baba alikuwa fundi wa umeme Gécamines, kampuni ya migodi. Jumapili, tukirudi misani, aliwasha redio-kaseti iliyokaa juu ya kabati na kutupigia Jim Reeves, mwimbaji wa country wa Marekani. Kaseti alizinunua kwa wafanyabiashara wa Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia, kama kilomita 90 kutoka hapa. Wazambia waliupenda muziki ule zamani, na jirani akipika, harufu inavuka ukuta. Nyumbani kwetu hakuna aliyejua Kiingereza. Shuleni tulisoma Kifaransa, nje tulicheza kwa Kiswahili, na Baba mwenyewe Kiingereza chake kiliishia kwenye maandishi ya mashine. Lakini sauti ya yule bwana, nzito, ya taratibu, kama padri asiyekuwa na haraka ya kumaliza Injili! Tukaamua zote ni nyimbo za dini. Hatukukosea kabisa, kwa sababu Reeves aliimba za dini pia, na kaseti moja ya Baba ilikuwa nazo. Tulizishika kwa masikio, tukaziimba kwa maneno ambayo hayakuwa Kiingereza wala lugha nyingine ya duniani. Yaya ndiye aliyekuwa mwalimu. Ukikosea neno lake, anakupiga kofi.

Sasa bendi. Walikuwa watano, kutoka Kitwe, Zambia: mwimbaji mwenye gita kavu, mpiga gita wa pili, besi, ngoma, na mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda nyuma ya kitu kinachofanana na meza ndogo yenye nyuzi. Yaya aliniuliza kama ni meza ya kupigia pasi. Ile ni pedal steel. Gita lililolazwa, mpigaji habonyezi nyuzi kwa vidole bali anateleza juu yake na kipande cha chuma mkono wa kushoto, mkono wa kulia unachomoa, miguu iko kwenye pedali, na magoti yanasukuma vijiti vya chini vinavyovuta uzi mmoja mmoja ili sauti ipande au ishuke bila kukatika. Asili ya uchezaji huo wa kuteleza na chuma ni Hawaii, Wamarekani wakauongezea pedali. Kwa lugha ya kwetu: ni gita linalolia kama mama anayejizuia kulia.

Na hapa ndipo kiti cha plastiki kilipogeuka baraka. Fundi wa sono, yaani wa mitambo ya sauti, aliipandisha besi kana kwamba tuko harusini. Waliokaa katikati, hata wale wa dola 25, waliniambia wakati wa mapumziko kwamba yule mzee walimwona tu akitingisha magoti. Sisi tulikuwa mita tatu kutoka kwenye kipaza sauti chake. Nilisikia hata chuma kikigusa uzi. Kwa hiyo ukienda, omba upande wa kulia, na ukiona besi inatikisa chupa yako, inuka uende kumwambia fundi. Mimi nilienda. Alinitikisia kichwa kwa adabu, hakugusa kitu.

Lalamiko jingine: bango lililobandikwa mjini lilikuwa na picha ya banjo kubwa na violini. Jukwaani hakikuonekana chochote kati ya hivyo. Violini naweza kusamehe. Banjo siwezi, maana chombo hicho mizizi yake ni huku, watumwa wa Afrika walivuka nayo bahari wakaitengeneza upya kule, na nilitaka sana kumwonyesha yaya kitu kilichotoka Afrika, kikakaa Marekani miaka mingi, kikarudi. Nilirudi na picha ya bango kwenye simu.

Mpiga gita wa pili hakutajwa kwenye tangazo, ila ndiye aliyewaamsha wazee. Kuna wimbo aliuanza peke yake, dole gumba likitembeza besi, kidole cha shahada kikiimba juu yake. Nyuma yetu sauti ya mzee mmoja ikapaa: "Bosco!" Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Kwa vijana wasiojua: Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Katanga, mwaka 1952 alirekodiwa na Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, kule Jadotville, Likasi ya leo, akipiga hivyohivyo, vidole viwili vikifanya kazi ya watu wawili. Kule Kentucky, Marekani, palikuwa na mpiga gita Merle Travis, naye dole gumba lake lilikuwa mtu anayejitegemea. Nilimgeukia yaya nikitegemea machozi. Akasema, "Bosco alikuwa na vidole safi kuliko huyu." Ni kweli, nilipofikiri. Huyu alikimbia kidogo mwishoni.

Jambo ambalo waandaaji walilifanya vizuri kabisa, na ambalo sijaliona kwenye tamasha lingine hapa mjini, ni mtafsiri. Mwimbaji alizungumza Kibemba na Kiingereza, na kando yake alisimama mwalimu mmoja wa Kiingereza wa sekondari aliyeeleza kwa Kiswahili, kabla ya kila wimbo, unahusu nini. Hakusoma karatasi. Alisimulia. Wimbo wa mfungwa anayesikia treni, wa mama aliyebaki na shamba, wa dereva wa lori asiyefika nyumbani. Huo wa lori uliwagusa watu vibaya. Nusu ya ukumbi ina ndugu kwenye foleni ya Kasumbalesa. Yaya, ambaye tangu tuingie alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, aliuweka chini.

Ndipo mwalimu akasema wimbo unaofuata ni wa Jim Reeves, wa mwaka 1959. Yaya akapiga makofi. "Huyu bwana yuko baa," mwalimu akaanza. "Amempigia simu mwanamke wake. Anasikia kwamba kule kwa mwanamke kuna mwanaume mwingine. Sasa anambembeleza kwa sauti ya chini: sogeza mdomo karibu na simu, tujifanye tuko wawili tu. Yeye atamwambia mwenye baa apunguze muziki, na wewe umwambie huyo rafiki yako aondoke." Ukumbi ulicheka. Yaya alicheka kuliko wote, akanipiga paja, akasema, "Wanaume! Mtu yuko baa, na wivu anao!"

Kisha mwimbaji akaanza.

Yaya aliutambua kwenye neno la pili. Mkono wake ukabaki palepale kwenye paja langu. Mimi nilikuwa nimeutambua kwenye neno la kwanza na nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Baba alifariki mwaka 2009. Usiku wa pili wa kilio, watu wamechoka, mapipa ya maji yamekauka, yaya ndiye aliyeanzisha ule wimbo. Sisi watoto tukaitikia. Wamama wa jumuiya, ambao hawakuujua, wakaushika kwa mm-mm. Katekista alisimama. Na kila mwaka, siku ya misa ya Baba, Mama huomba "ule wa Baba", nasi huuimba mbele ya kaburi, polepole, macho tumefumba.

Mwimbaji alipofika katikati, yaya aliniinamia sikioni. "Mutoto ya mama," akasema, "siye tuliimbaka hii ku kilio."

Nikasema ndiyo.

"Na katekista akasema amina."

Hakuongea tena hadi mapumziko. Wimbo ulipoisha hakupiga makofi, lakini mzee wa pedal steel aliyekuwa ameuchezea sehemu yake akiwa amefumba macho alimtazama, na yaya akamwinamishia kichwa, kama anavyofanya kwa padri.

Mapumziko yalichukua dakika 50, ambazo ni nyingi mno. Choo kilikuwa kimoja kwa wanawake, hakina maji. Maji ya kunywa yaliisha mapema. Bia ya Simba ilikuwepo, ya moto. Nje kwenye michopo, yaani nyama choma, nyama ya mbuzi ilikuwa nzuri kweli, pilipili yake isikudanganye kwa rangi, ila bukari, ugali wetu, hakuna, na kwa Mlushois, mtu wa Lubumbashi, michopo bila bukari ni kama kuoga bila kujikausha. Hapo ndipo nilipojaribu kumfariji yaya. Nikamwambia hatukuwa wa kwanza. Kule nchini Kenya, kwa Wakipsigis, santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country wa Marekani, zilifika zamani, nao Kiingereza hawakijui. Wakamgeuza jina akawa Chemirocha, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu paa, wasichana wakamwimbia. Na aliyewarekodi mwaka 1950 ni huyohuyo Hugh Tracey aliyemrekodi Bosco wetu miaka miwili baadaye. Yaya alitafuna, akameza, akasema, "Afadhali paa kuliko baa."

Kipindi cha pili kilikuwa nyimbo za Don Williams, Mmarekani mwingine wa country, karibu chote, na watu wa Zambia waliokuwemo waliimba kila mstari. Huyo aliwahi kuja huku kusini mwa Afrika mwenyewe, akapiga Harare mwaka 1997, wengine bado wanalisimulia kama mechi. Kwangu ilikuwa sehemu dhaifu: nyimbo sita za mwendo mmoja, na mwalimu mtafsiri alikuwa amechoka, anasema tu "hii nayo ya mapenzi". Kilichoniamsha ni swali la yaya. Aliinua mkono kama mwanafunzi akauliza kama Jim Reeves bado yuko hai. Mwalimu akajibu kwenye mikrofoni: alikufa tarehe 31 Julai 1964, karibu na Nashville, akiwa na miaka 40, akiendesha ndege yake ndogo mwenyewe ndani ya mvua. Miaka miwili kabla alikuwa amefika Afrika Kusini kuimba. Ukumbi mzima ukatoa "eeeh" ile ya msibani. Mtu amekufa miaka 60 iliyopita, na Walushois wanampa pole.

Tulitoka saa 5 na nusu usiku. Teksi zilizosubiri nje zilitaka mara tatu ya bei ya mchana. Elewana na dereva wako kabla, na kama kuna mechi ya Mazembe siku hiyo, Kamalondo, mtaa wa uwanja wao, isahau, zunguka.

Kwa jumla nawapa 3 kati ya 5. Mzee wa pedal steel na mwalimu wa Kiingereza nawapa 5 kila mmoja, na aliyeuza kiti kimoja mara mbili simpi kitu, ingawa nadaiwa naye shukrani.

Wametangaza usiku mwingine mwezi ujao. Yaya amenituma nichukue viti vya kulia. Tatizo ni kwamba Mama alisikia tukiongea jikoni, na sasa anataka kuja naye, akasikie nyimbo za Baba zikiimbwa na wanaozijua. Jana usiku yaya alinitumia ujumbe: "Mwambie tiketi zimeisha."