Katuni: uanze na mfululizo au kitabu kimoja?

Mpwa wangu wa Likoni ameniuliza aanzie wapi: manga ndefu (katuni za Kijapani), au riwaya ya picha inayokwisha ndani ya jalada moja?

Manga inanasa. One Piece ilianza 1997 na imeshapita juzuu 100, kwa hiyo ukiipenda una kazi ya miaka. Husomwa kulia kwenda kushoto, jambo lisilomtisha mtoto wa Mombasa aliyepitia chuoni. Kurasa zake huenda mbio, zingine hazina neno hata moja. Ukiwa kwenye feri utamaliza sura kabla ya kufika ng'ambo. Taabu ni mitumba: utaikuta juzuu ya 14, ya kwanza huioni.

Riwaya ya picha Maus ya Art Spiegelman, iliyopata tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992, siku hizi huuzwa kwa jalada moja lenye sehemu zake zote mbili. Inasimulia mateso ya Wayahudi mikononi mwa Wanazi: Wayahudi wamechorwa panya, Wanazi paka. Usikimbilie maneno, tazama fremu kwanza. Ni nzito, si ya kusomea kwenye matatu.

Mimi nimempa manga. Maus nitamwazima akifunga shule.