Kanda za zamani: uzisikilize kwenye redio kaseti, au uzihamishie kompyuta kwanza?

Mwenye sanduku la kanda 80 hapa Tabora, kuanzia Tabora Jazz hadi kwaya za kanisani, ana njia mbili za kuzipitia zote upya.

Redio kaseti haina mambo mengi. Kanda ya C60, yaani ya dakika 60, ni dakika 30 kila upande, basi kanda moja kwa jioni inatosha. Adui ni vumbi la kiangazi: hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, ikichafuka, sauti kali za juu hupotea na mwimbaji husikika kama kajifunika blanketi. Isugue kwa pamba na spiriti kila baada ya kanda kama 10. Roli ya mpira ikinata, hutafuna utepe. Usivute kwa hasira, uchomoe taratibu kisha uuzungushe ndani kwa kalamu ya Bic. Wimbo ukiburuza, kagua belti, huenda imelegea.

Kompyuta inachosha. C60 hunakiliwa saa nzima, hakuna mkato. Vilele vya sauti viishie -6 dB kwenye kipimo cha sauti cha programu ya kurekodia. Vikigonga 0 sauti hukwaruza, na hairekebishiki tena. Faili la WAV, lisilobanwa, hula MB 600 hivi; MP3, iliyobanwa kwa kbps 192, kama MB 86.

Kanda za dukani zisikilize tu. Zile za harusi au zilizorekodiwa redioni hamishia kwanza, maana nakala nyingine hakuna. Kabla ya yote, vunja vile vijino viwili vya mgongoni mwa kila kanda, mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi.