Sweta la Makete, joto la Dar: leo nafungua shangazi kaja

Haya jamani, karibuni tena. Feni nimeizima ili sauti isikike, kwa hiyo mkiniona nachuruzika jasho, ndiyo Februari ya Dar hiyo, msinipe pole. Na ndiyo, nafuma sweta. Mama mkwe yuko Makete, na Juni kule alfajiri unakuta majani meupe kwa barafu. Nikisubiri Mei ndiyo nianze, litamfikia Septemba. Halafu duka ninalonunua nyuzi Kariakoo saa hizi limejaa nyuzi za vitambaa vya meza tu, kwa hiyo leo hatununui kitu. Tunachimba humu kwenye shangazi kaja, huu mfuko mkubwa wa akiba yangu ya nyuzi ya miaka mitatu, baba watoto asione.

Pamba naiweka pembeni, mnaijua. Nzito, haina mvutano, ukivaa mara tatu sweta limekuwa kanzu.

Nabaki na hizi mbili. Hii nyeupe ya maziwa ni mpya, na kwenye lebo, hebu sogea uone, kachorwa kondoo mzima na pembe zake. Hii ya kijivu nimefumua kwenye sweta la mtumba la pale Karume, shilingi elfu tano. Haina lebo, haina kondoo. Sasa nipe kiberiti, tuchome tujue ipi ni sufu, manyoya ya kondoo kweli.

Chukua kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibano, chini weka sahani. Watoto wasijaribu. Tunaanza na bwana kondoo. Unaona? Hata moto haujamgusa vizuri keshajikunja. Anayeyuka huyo, anadondoka, moshi mweusi. Ngoja upoe. Sikia nikigonga sahani: ti, ti. Shanga nyeusi, ngumu. Hiyo ni plastiki, wapendwa, ni akriliki na kondoo wake wa kuchora!

Sasa kijivu. Unashika moto kwa uvivu, unachemka chemka pale kwenye ncha, naondoa kiberiti... umezima wenyewe. Harufu ni ya nywele zilizoungua, kama saluni siku ya pasi. Na jivu lake nikilibana hivi, linasagika, limekuwa unga. Narudia kwa waliochelewa: unga, sufu. Shanga, akriliki. Ukipata vyote viwili, uzi umechanganywa.

Mbona nashikilia moto? Kwa sababu mama anakaa jikoni kwenye kuni tangu asubuhi, na kuni zinarusha cheche. Cheche ikidondoka kwenye sufu inatoboa kidogo inazima. Kwenye akriliki inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Sitaki simu ya namna hiyo kutoka kwa mawifi.

Ila nisiionee akriliki. Sweta la mtoto wa bweni ningemfumia hiyohiyo, maana atalifua anavyojua yeye na halitasinyaa. Na nondo hawaili. Nondo wadudu, siyo za ujenzi. Bonge langu moja la sufu wamelikata vipande, nimelia. Ugomvi wangu ni kondoo wa kwenye lebo tu, maana mabonge manne ya gramu mia mia nililipa elfu ishirini na nne, bei ya sufu.

Mkienda mitumbani, kabla ya rangi geuza sweta ndani nje, tazama mishono ya ubavuni. Ukikuta ovaloki, ule mshono wa mashine wa kuzuia ukingo usifumuke, liache. Limekatwa kutoka kitambaa kikubwa, ukifumua unapata vipande vifupi vya mstari mmoja mmoja. Mimi la kwanza nilifumua nusu usiku, nikabaki na gunia la vinyoya. Uzi ukitoka umejikunja kama tambi, usiogope, uzungushie mgongo wa kiti, funga sehemu nne, loweka maji ya vuguvugu na shampuu, anika. Joto hili, jioni umenyooka. Kuna dada wa chaneli nyingine anawaambia mchemshe. Dada, sufu ukiichemsha na kuisugua inashikamana kama blanketi!

Aliyeuliza kwa nini nisimpelekee mama hilohilo la mtumba: mwenye sweta lile alikuwa jitu la futi sita. Mama ananifika begani.

Tangazo, tumekaribia elfu tatu, bonyezeni kengele. Na mubashara ya Jumamosi imehamia Jumapili, nina kicheni pati.

Napima kijivu sasa, mizani ya keki hii. Gramu mia nne na kumi. Aa. La mwaka jana, unene huuhuu, lilikula mia nne na hamsini. Ule mweupe siuchanganyi, likifuliwa sufu itasinyaa na akriliki itabaki pale pale, sweta lipinde. Lakini nina kibonge cha kahawia hapa... kiberiti kiko wapi? Nywele. Unga. Basi kola na vifundo vya mikono vitakuwa kahawia, mama ataona ni mtindo. Sindano namba nne za mianzi, za chuma kwa jasho hili zinanata. Naanza na mgongo, na feni naiwasha, mtanisamehe kwa sauti.