Kibubu cha namba cha 1,500,000: nimekitumia miezi tisa kulipa madeni, sio kuweka akiba

Hivi vibubu wengi mmeviona Insta, boksi la mbao lina tundu juu la kupitishia hela na mbele limechapwa namba kibao, 5,000, 10,000, 20,000, ukiweka hela unapiga tiki kwenye kiasi ulichoweka, zikiisha unavunja. Mimi nilichukua cha 1,500,000 chenye viboksi 145 (nimevihesabu, sitini vya elfu tano, hamsini vya kumi, thelathini na tano vya ishirini). Bei 15,000, boda kutoka Kariakoo mpaka kwangu Tabata 4,000, na kimekuja na maka peni moja nyeusi ambayo nitaisema baadae maana nina kinyongo nayo.

Sasa kwa nini milioni na nusu, sina kiwanja ninachokitafuta wala safari. Mwezi wa kwanza baada ya ada na sare nilikaa na kaunta buku usiku watoto wamelala nikaandika kila mtu ninayemkwepa: kikoba 600,000, kausha damu 390,000, dada yangu 300,000, mikopo ya kwenye simu 140,000, Mangi wa duka la pale kona 70,000. Nikajumlisha mara tatu nikidhani nimekosea. Hakuna kukosea, ni 1,500,000 kamili, hata senti haijazidi, nikasema basi Mungu mwenyewe kaamua ninunue hicho kibubu.

Kwa msiojua kausha damu (mna bahati), nilichukua laki tatu narudisha 13,000 kila siku kwa siku 30, jumla 390,000. Elfu tisini juu kwa mwezi mmoja! Wakati riba ya juu ambayo Benki Kuu (BoT) inawaruhusu wakopeshaji wadogo wenye leseni ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani kwa laki tatu ni kama 10,500 tu. Hiyo hesabu niliijua nikiwa nimeshasaini na friji yangu nimeshaiandikisha dhamana. Na nilikopa huko ili kuziba kwingine, si unajua tena, unakopa huku unalipa kule.

Wiki tatu za kwanza nilikitumia kama muuzaji alivyosema, nikipata hela ya ice cream za ubuyu nazouza pembeni natumbukiza, tiki, natumbukiza, tiki, najisikia bonge la tajiri. Zikafika 65,000. Na hapo ndipo nilipogundua huu ujinga niliokuja kuuandika hapa leo. Hela imelala kwenye mbao imetulia, huku deni la simu la 40,000 linapigwa faini kila siku limeshafika 52,000, na wameshamtumia bosi wangu meseji kwamba nimekimbia na hela za watu. Bosi! Aliniita store akanionyesha simu, hakusema kitu, alinionyesha tu akarudi kuhesabu mabati. (Ile Novemba 2024 BoT walivyotoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni niliikagua kama natafuta jina langu kwenye matokeo ya form four, moja ya zangu ilikuwemo, ila meseji za vitisho hazikukoma ng'o.)

Kibubu ni cha mtu asiyedaiwa. Ukiwa na deni lenye riba kila noti unayoifungia humo ndani inakugharimu, we unaona unajenga kumbe unabomoa.

Na hata kukaa penyewe hazikai. Wanakuambia hakifunguki mpaka uvunje, uongo mtupu. Usiku gesi ilikata nikakigeuza kichwa chini nikakitikisa mpaka noti ikachungulia kwenye tundu, nikaivuta na kile kibanio cha kunyolea nyusi. Elfu kumi hiyo, na tiki yake ishapigwa! Siku ya pili nikavuta nyingine nikiwa mzoefu kabisa. Kama unanunua, angalia tundu liwe jembamba, la kwangu kidole kinaingia.

Basi jumamosi nikazivuta zote zilizobaki, nikaongezea zilizopungua, nikailipa ile 52,000 ikaisha. Ila nilishindwa kukitupa kibubu kwa sababu zile namba jamani zina kitu. Nikageuza matumizi. Sasa hivi hela hainusi humo ndani. Nikilipa kwa simu nakopi namba ya muamala kwenye kikaratasi, na kiasi na tarehe na jina la mdai, nakunja natumbukiza ndio napiga tiki. Nikimpa keshi yule dogo anayepita na boda kukusanya marejesho anasaini kikaratasi, nacho kinaingia. Kibubu kimejaa risiti. Tiki ni hela iliyokwishafika kwa mwenyewe, sio hela ninayoweza kuivuta usiku na kibanio.

Tofauti yake siwezi kuielezea vizuri. Kaunta buku linakuonyesha deni ukilifungua, na mimi nilikuwa silifungui, nililiweka chini ya godoro. Kibubu kiko juu ya friji (ile ile ya dhamana), ukiingia sebuleni kinakutazama. Mwanangu wa miaka saba ndio mpiga tiki rasmi, nikirudi kazini swali la kwanza "mama leo tunapiga ngapi?", na siku ya sifuri unaona aibu mbele ya mtoto wa darasa la kwanza.

Kuna siku nilikuwa na 70,000 yote mkononi, shemeji akasema hiyo peleka kikoba, Mangi hana riba atasubiri. Kihesabu yuko sahihi. Nikampelekea Mangi. Miezi minne nilikuwa nazungukia njia ya msikitini kukwepa duka lake, nanunua chumvi mtaa wa pili. Alihesabu hela, akafungua lile daftari lake lililolowa mafuta ya kula, akachana ukurasa wangu mzima akanikabidhi, "haya mama Junior, sukari kilo ngapi?" Ule ukurasa nao upo humo ndani, ndio karatasi kubwa kuliko zote, niliikunja mara sita ndio ikapita.

Kasoro sasa. Hakuna viboksi vya elfu moja, mbili wala tatu, kwa hiyo rejesho la 13,000 napiga tiki ya kumi halafu elfu tatu naibeba kwenye kaunta buku mpaka itimie tano, usumbufu. Riba na faini kibubu hakizijui, ile 12,000 iliyoongezeka ilibidi nikachore kiboksi changu ubavuni kwa mkono, na makato ya kutuma ndio hayana pa kuandikwa kabisa. Stika yenye namba imeanza kubanduka pembeni kwa hili joto la Dar, nimeibana na selotepu. Na ile maka peni! Wiki ya tano imekauka, kabla ya hapo jumapili ya mvua mtoto alikuwa peke yake akapiga tiki tatu za ishirini za bure, elfu sitini imelipwa na nani haijulikani, nikasugua na asetoni zikatoka na namba zenyewe. Nunueni peni yenu na muifiche.

Nyota nampa tatu, boksi lenyewe mbili, ile moja ni ya kuchapa vizuri. Kwa mwenye deni nashauri umwombe muuzaji akuchapie karatasi ya namba tupu bila boksi, nilimuuliza wa kwangu akasema hauzi hivyo, nikamwambia anakosa wateja maana wenye madeni tuko wengi kuliko wenye akiba.

Nimebakiza viboksi 17 vya ishirini. Viwili vya kikoba, 15 vyote vya dada, ambaye kila nikimtajia anasema "we tulia mdogo wangu, mimi sina haraka". Dada, ukisoma hapa, acha kuniambia hivyo.