Miezi saba kwenye grupu la wapenda hesabu, kama kalkulasi inakusumbua soma hapa

Nimekaa na hii kitu muda mrefu, leo nimesema lazima niandike maana najua kuna watu wanahangaika kama nilivokua nahangaika mimi. Mi nauza duka la vitenge Kariakoo, naishi Mbagala, na mwakani mwezi wa tano narudia mtihani wa fomu six kama mtahiniwa wa kujitegemea, PCM (fizikia, kemia na hesabu), kwasababu mara ya kwanza Advansi, yani hesabu ya Advanced Mathematics, ndo iliniangusha na mimi bado nataka kusoma uinjinia wa umeme. Sasa mtu wa dukani anafunga saa kumi na mbili jioni, foleni ya Kilwa Road inakufikisha nyumbani saa mbili na kitu, hiyo tuisheni utaenda saa ngapi? Nilishalipia moja ya karibu na nyumbani, 30,000 kwa mwezi, tumejazana chumba kimoja, ticha anajaza ubao anafuta anajaza tena, ukiuliza anakwambia hiyo ya fomu faivu ulitakiwa uwe unajua. Mwezi wa pili nikaacha.

Ndo rafiki yangu akaniunga kwenye grupu la Telegram la watu wanaopenda hesabu. Jina sitaliweka hapa maana admini wanachuja wanaoingia na hawataki watu wafurike, lakini magrupu ya namna hii yapo mengi na nnachosema kitakusaidia kuchagua. Humo ndani kuna walimu wastaafu wawili, wanafunzi wa vyuo, fundi umeme mmoja wa Tanga, dada anafundisha sekondari Mwanza, na sisi wenye mitihani, mpaka wa BAM, ile hesabu nyepesi kuliko Advansi, wapo. Hakuna anaelipwa hata shilingi. Watu wanapenda tu.

Siku ya kwanza niliingia na papara, nikatupa swali: intigreti e^x sin x, yani tafuta kitu ambacho ukikidifarenshieti (ukitafuta kasi yake ya kubadilika) unapata e^x sin x. Basi, hata salamu sikutoa, nikaenda kupika nikijua nikirudi nitakuta jibu. Nilichokikuta ni maneno mawili ya mwalimu mmoja mstaafu, wote tunamwita Babu. "Umefika wapi?" Kusema kweli iliniuma, nikaona mzee ananidharau. Ila nikapiga picha daftari nikatuma. Nilikua nimefanya bai patsi (njia ya kuintigreti vitu viwili vilivyozidishwa, kipande kwa kipande) mara ya kwanza, ikabaki e^x cos x, nikafanya bai patsi tena, ile intigro ya mwanzo ikanirudia vilevile, nikajua hapa nazunguka tu nikakata mistari ukurasa mzima. Na chini kabisa nilikua nimepata 0 = e^x(sin x − cos x), kitu ambacho hakiwezi kua kweli kwa kila x.

Babu akatuma voisi noti ya dakika nne. "Mwanangu, hapo ulipokata ndipo ulipokuwa umefika." Akaendelea, intigro ikirudi ileile usiikimbie, ipe jina, iite I, ihamishe upande wa pili kama ulivokua unahamisha x fomu wani, zitakua 2I na kazi imekwisha. Afu akaniambia sasa rudi kwenye bai patsi ya pili uangalie alama zako, ukidifarenshieti cos x unapata nini? Nikaangalia. Hasi sin x, na mimi ile hasi nilikua nimeiacha njiani, ndo maana I zilifutana pande zote mbili nikabaki na sifuri. Jibu lenyewe hakuliandika kabisa, si yeye wala mtu mwingine yeyote. Saa tano usiku nikapata e^x(sin x − cos x)/2 + C kwa mkono wangu, nikatuma kwa furaha, na yeye akauliza tena: umelidifarenshieti hilo jibu? Nikalidifarenshieti, ikatoka e^x sin x safi kabisa. Jamani. Miaka miwili yote ya Advansi nilikua nafungua majibu ya nyuma ya kitabu, sikuwahi kufikiria kwamba jibu la intigresheni unaweza kulihakiki mwenyewe hata kama upo peke yako kwenye daladala.

Kwa hilo tu natoa nyota nne na nusu. Zile app za kupiga picha swali nimezitumia sana, zinakuletea hatua zote moja mpaka kumi na hatua zinakua sahihi, ila zinakuonyesha njia yake yenyewe, haijui wewe ulipotelea wapi. Mtu akisoma daftari lako anaona kosa lako. Na kosa langu, nimekuja kugundua baada ya miezi, karibu kila mara ni alama ya hasi au nimeweka namba mapema.

Hilo la namba mapema alinitoa nalo yule fundi wa Tanga. Swali ni lile la tanki la koni, nusu kipenyo ni nusu ya kimo cha maji, maji yanaingia mita za ujazo 3 kwa dakika, kimo kinapanda kwa kasi gani maji yakiwa na kimo cha mita 2. Mi nikachukua ile 2 nikaiweka kwenye fomula ya ujazo kabla ya kudifarenshieti, nikabaki na namba tupu, ukidifarenshieti namba tupu unapata sifuri, yani maji yanaingia halafu hesabu inasema hayapandi. Fundi hakuniandikia fomula, akasema dada chukua faneli ya mafuta, ziba chini na kidole, mwaga maji taratibu kwa spidi moja uangalie. Nilifanya jikoni kweli. Chini yanapanda haraka, yakifika kwenye upana yanapanda polepole. Kumbe kimo kinabadilika muda wote, ukikigandisha na 2 mwanzoni umeua swali lenyewe. Ujazo V ni πh³/12, h ndo kimo, difarenshieti kwanza, unapata πh²/4 mara dh/dt (kasi ya kimo kupanda) sawa na ile 3, ndo uweke 2, inakuja 3/π, karibu mita 0.95 kwa dakika. Tangu siku hiyo maswali ya namna hii siyaogopi.

Sasa mapungufu, maana yapo. La kwanza na kubwa ni kwamba kuna watu wanajibu haraka na wanajibu kwa kujiamini halafu wamekosea. Kuna siku mtu aliuliza intigro ya 1/x² kutoka −1 mpaka 1, yani eneo lililo chini ya grafu yake, kijana mmoja akajibu −2 kwa sekunde, watu wakamwagia dole gumba, na mimi nikanakili kwenye notsi. Na ukihakiki kwa ile njia ya Babu inakubali, −1/x ukiidifarenshieti unapata 1/x². Yule dada wa Mwanza ndo akaja na grafu ya GeoGebra, app ya kuchora grafu, akauliza swali moja tu, huu mchoro wote uko juu ya mstari wa x, eneo limekuaje hasi? Grupu likakaa kimya. Kumbe pale kwenye sifuri grafu inapaa haina mwisho, huwezi kuruka juu ya shimo kama vile halipo, na hiyo intigro haina jibu la namba kabisa. Nilifuta kwenye notsi zangu nikaandika upya na mchoro pembeni. Kwahiyo ukiingia huko usinakili jibu kwasababu lina dole gumba nyingi, subiri mtu achore.

Pili, uandishi. Watu wanachapa 1/x+2 na hujui ni moja gawanya kwa x halafu ongeza 2, au ni moja gawanya kwa x+2 nzima, watu wanabishana nusu saa juu ya maswali mawili tofauti. Weka mabano, au piga picha, ila picha iwe na mwanga sio ile ya kitandani saa sita umeme umekatika. Tatu, bando. Picha na voisi noti zinakula sana, zima kupakua kwa otomatiki, mimi GB 1 ilikua haimalizi siku mbili, sa hivi inafika wiki. Na kwa wadada, kuna wanaume wachache watakufuata inboksi kwa kisingizio cha kukufundisha, mripoti kwa admini, wa kwetu wanaondoa mtu siku hiyohiyo na hawaulizi mara mbili, na hii nawapa heko.

Muda mzuri wa kuuliza ni saa tatu usiku mpaka saa tano, wengi wanakua wametoka kazini. Ukituma saa nane usiku usinung'unike kama hakuna mtu. Toa salamu, Babu ukimwamkia shikamoo lazima akuitikie kwanza marahaba ndo aje kwenye swali, na tuma ulipofika hata kama ni mstari mmoja na unaona umekosea, huo mstari ndo wanautaka. Kila Jumamosi wanaweka swali moja la wote, majibu mpaka Jumapili jioni maana asubuhi Babu yupo kanisani. La wiki hii ni intigro ya sec³x, mi nimeshafika pa kubadili tan²x kua sec²x − 1 na naona sec³x inataka kunirudia, natuma picha usiku huu.