Besi Inayokwaruza na Fundi Asiyesikiliza: Uzoefu Wangu Kisumu

Fundi huyu wa magitaa ana sifa mjini Kisumu, na wanaomsifu ni wapigaji ninaowaheshimu, kwa hiyo ninaandika haya nikijua kwamba wapo watakaonikasirikia. Gitaa langu la besi, la aina inayotumia betri ya volti 9, lilikuwa limeanza kukwaruza kila nilipozungusha kidhibiti cha sauti au cha toni. Kanisani, katikati ya wimbo wa taratibu, spika zilitoa mlio kama wa karatasi inayochanwa mbele ya maikrofoni, na mwalimu wa kwaya akanitupia jicho.

Nilipolifikisha dukani nilimweleza fundi jambo moja ambalo lingemrahisishia kazi: nikiligeuza gitaa kwa swichi lipige bila betri, vidhibiti vilevile hunyamaza kabisa. Hakuniacha nimalize. "Bosi, mimi nimeanza kutengeneza magitaa ukiwa bado shule. Hilo ni vumbi." Akachukua mkebe wa mafuta ya kulegezea nati zenye kutu, akapuliza kwenye shina la kidhibiti bila hata kung'oa kitufe chake, akazungusha huku na huku, kisha akanyosha mkono apewe shilingi 1,500. Mafuta yaliyochuruzika juu ya rangi aliyapangusa kwa kiganja.

Ni kweli kwamba vumbi ndilo chanzo cha kawaida. Ndani ya potenshiometa, yaani kile kifaa kinachozungushwa na kitufe cha kidhibiti, mna ukanda wa kaboni na ulimi mdogo wa chuma unaoteleza juu yake, na uchafu ukiingia kati yao sauti hukatikakatika. Lakini tiba yake ni dawa ya kusafishia viungo vya umeme, nayo hupulizwa kwenye upenyo ulio karibu na miguu mitatu ya potenshiometa baada ya kufungua kifuniko cha nyuma. Mafuta ya nati hubaki humo yakinasa vumbi jipya. Zaidi ya hayo, vumbi halijui kama betri inatumika au haitumiki.

Mikwaruzo ilirudi upesi, nami nikarudi dukani. Sasa akadai potenshiometa zote zimekufa na ninunue mpya, tena kwake. Nilipomwomba apime kwanza, alicheka mbele ya wateja akasema, "Kwani besi nani anaisikia?" Maneno hayo yasemwe Kisumu, katika nchi ya muziki wa benga, ambako besi ndiyo inayowainua watu vitini! Ningemsamehe yale mafuta. Kicheko kile sijakisamehe.

Aliyeniokoa ni kijana anayejifunza kazi hapo hapo. Fundi, ambaye ndiye mwenye duka, alipotoka kupokea simu, kijana alifungua kifuniko, akaweka ncha moja ya mita ya kupimia umeme kwenye waya wa ardhi na nyingine kwenye mguu wa kidhibiti cha sauti, mahali ambapo mita ingepaswa kusoma karibu sifuri. Ilisoma zaidi ya volti moja. Kapasita iliyowekwa kuzuia umeme wa betri usipite pamoja na sauti ilikuwa inavuja, na umeme huo ndio uliokuwa ukilia kila kidhibiti kilipozungushwa, kiwe safi kisiwe safi. Alibadilisha kapasita hiyo, kitu cha bei ya peremende, na akalehemu kwa unadhifu ambao sijauona kwa mafundi wakubwa. Gitaa limetulia mpaka leo.

Kwa hiyo nilikusudia kuwapa nyota tatu, kwa sababu kazi hatimaye ilifanyika na ilifanyika vizuri. Kisha nakumbuka kwamba mwenye duka alirudi, akasikia gitaa limenyamaza, akaniambia, "Si nilikwambia litapona?", akatoza malipo ya pili, na kijana hakupewa hata ahsante. Nyota moja, na hiyo moja ni ya kijana. Nimemwomba namba yake ya simu, na siku atakapofungua meza yake mwenyewe nitampelekea hata magitaa yasiyo na kasoro.