Taa za UV kwa Chumba cha Mboga: Ipi Uanze Nayo, Ipi Uiwache Dukani

Mama mdogo wangu anafunga vikuba, vile vishada vya maua na majani ya kunukia. Nilimpelekea fungu la mrehani kutoka chumba changu cha taa, majani mapana, kijani kibichi, hata tundu la mdudu hayana. Akachuma jani moja, akalisugua kiganjani, akalinusa, akanirudishia fungu zima. "Mwanangu, huu una majani tu. Harufu yake iko wapi?" Kisha akakata kitawi cha mrehani wa uani kwake, kimeliwaliwa na panzi, akakisugua vivyo hivyo, na ukumbi wote ukanukia.

Niliumia, kwa sababu alisema kweli. Chumba chetu tulikifungua kwa ajili ya saladi. Joto la Unguja haliipendi saladi: likizidi nyuzi 30 mbegu zinagoma kuota, na hata ikiota, jani huwa chungu na mche hukimbilia kutoa ua. Ndiyo maana tuko ndani, na kiyoyozi na taa nyeupe za LED, na mrehani tukauongeza pembeni kwa sababu wapishi wa mahoteli wanauulizia. Lakini taa nyeupe ya LED hutokana na kitaa cha buluu cha nanomita 450 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) kilichofunikwa unga wa njano. Chini ya nanomita 400 haitoi kitu cha maana. Mmea unashiba mwanga, lakini jua haujapata kulionja.

Sehemu inayokosekana ni UV, mionzi ya urujuanimno, ile ambayo jicho haliioni ila ngozi inaijua. Mmea ukiihisi hujikinga. Saladi nyekundu huongeza wekundu wake, jani huwa nene zaidi, na mrehani hujaza vifuko vidogo vya mafuta vilivyo juu ya jani, ambavyo ndiyo harufu yenyewe. Mwaka 2011 wanasayansi walionyesha kuwa mimea ina protini yake maalumu ya kuhisi UVB, nayo inaitwa UVR8.

Basi ukiingia kununua, sahau kwanza wati, sahau rangi ya zambarau, sahau maneno ya kwenye boksi. Uliza namba moja tu: nanomita ngapi? Kuanzia 315 hadi 400 ni UVA. Kuanzia 280 hadi 315 ni UVB. Chini ya 280 ni UVC, na hiyo usiitie kabisa kwenye chumba cha mimea. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha namba hiyo kwenye karatasi ya taa, msalimie uende zako.

Kabla hujatoa hata shilingi

Sisi tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita juu ya utosi, na UV yetu ni katika kali kabisa duniani. Kama una trei tano au sita za mrehani, huhitaji taa. Zitoe uani mnamo saa tatu asubuhi kwa robo saa, kesho ongeza dakika kumi, na hivyo hivyo kwa wiki moja kabla ya kuvuna. Usizitoe saa sita mchana siku ya kwanza, kwani jani lililolelewa ndani litababuka kama ngozi ya mtoto mchanga. Na usijidanganye kuwa kuziweka nyuma ya dirisha kunatosha: kioo cha kawaida kinazuia UVB karibu yote.

Mwenye trei arubaini hawezi kazi hiyo kila siku. Na kila trei inayotoka hurudi na wageni, vidukari na inzi weupe, nao wakishaingia kwenye chumba kisicho na upepo wala mvua hawatoki. Mwongozo huu ni wa mtu huyo.

Nafasi ya kwanza: tyubu ya LED ya UVA, nanomita 365 hadi 385

Hii ndiyo ningemwambia ndugu yangu anunue kwanza. Ni LED kweli, haina zebaki, hatari yake kwa macho ni ndogo kuliko ya UVB ingawa ipo, na teknolojia yake imekomaa, kwa hiyo umeme mwingi unaoingia unatoka kama mwanga na si joto tupu. Kwenye saladi nyekundu utaiona kazi yake kwa macho. Trei mbili tulizipanda siku moja kwa mbegu moja, moja chini ya tyubu na nyingine rafu ya chini isiyo nayo. Kufika siku ya kumi, ile ya juu ilikuwa na rangi ya komamanga ukingoni mwa jani, na ya chini ilibaki ya kijani yenye madoa ya waridi.

Itake iwe na waya wake peke yake, uiwashe na kuizima mbali na taa kubwa. Iwe na IP65, alama ya kuzuia vumbi na maji, maana hewa yetu ina chumvi na masika inaleta unyevu hadi ndani ya kabati. Kioo chake kiwe cha kwazi (quartz) au kiwe wazi kabisa. Plastiki ya bei rahisi iliyomiminwa juu ya vitaa huwa ya njano kwa UV ile ile inayoitoa, na baada ya miezi kadhaa unalipia umeme wa taa iliyojiziba yenyewe.

Gharama ya kuiwasha isikutishe. Tyubu ya wati 30 kwa saa nne kila siku hula yuniti 3.6 kwa mwezi. Kiyoyozi chako kinakula zaidi ya hizo kabla ya kesho kutwa.

Kuijua kama ni ya kweli, fanya hivi. Izime taa kubwa, iwashe tyubu, kisha tia chini yake kanzu nyeupe iliyofuliwa kwa sabuni ya unga, au glasi ya maji ya toniki. Vyote viwili vitang'aa buluu. Halafu itazame taa kwa upande, usiikodolee. Ya 365 utaiona hafifu, kama moshi mweupe wa buluu. Ukiona zambarau nzito inayojaza chumba, hiyo ni 395 au 405, hata kama boksi linasema vingine.

Nalisema hili kwa uchungu. Taa yetu ya kwanza tuliinunua kwenye duka lililotuhakikishia kuwa ni UV ya mimea. Miezi miwili tuliiwasha, tukaandika daftarini kila siku, tukawa tunajilazimisha kuona mabadiliko. Ilikuwa ya 405, ambayo hata si UV, ni zambarau ya kawaida inayoonekana kwa jicho. Pesa ile ilikuwa ya mbegu za msimu.

Nafasi ya pili: tyubu ya UVB ya wanyama watambaao

Wengine watashangaa, kwa sababu hii si LED. Ni tyubu ya floresenti, aina nyembamba ya T5, inayotengenezwa kwa watu wanaofuga kobe na mijusi ndani ya nyumba, maana wanyama hao bila UVB mifupa yao hulainika. Kwangu mimi hii inaishinda LED ya UVB kwa bei, na kwa mbali. Zoo Med wana ReptiSun 10.0 na Arcadia wana ya asilimia 12. Namba hizo zinaeleza nguvu ya UVB, hivyo kwa mimea chagua ya juu, si 5.0. Ya wati 24 ina urefu wa sentimita 55 hivi, inaenea vizuri juu ya trei moja.

Na hii ndiyo iliyojibu swali la mama mdogo. UVA peke yake iliupa mrehani nguvu kidogo, lakini harufu aliyoitaka haikuja. Tulipoongeza UVB nusu saa kwa siku, siku sita za mwisho kabla ya kukata, jani likabadilika hata mkononi, likawa gumu kidogo na lenye kunata. Safari hiyo hakunirudishia fungu. Alilifunga kwenye vikuba vya harusi ya Mkunazini, baina ya asmini na kilua kilicholetwa na boti ya Pemba.

Masharti yake ni mazito, na nayaandika yote. Utahitaji fremu yake yenye balasti (kifaa cha kuiwashia tyubu) ya T5 ya nguvu ya juu, kwani ile ya tyubu ya jikoni haiwezi kuiwasha. Usiweke kioo wala plastiki mbele yake. UVB hupungua ilhali tyubu bado inawaka vizuri machoni. Wafugaji wanaoiwasha kutwa huibadilisha kila miezi kumi na miwili, ila wewe wa nusu saa kwa siku itakukalia muda mrefu zaidi. Ndani yake mna zebaki, basi ikivunjika fungua madirisha, toa watu, usifagie kwa fagio. Na ukiiagiza, mwambie wakala aifunge ndani ya bomba la plastiki, maana kutoka kontena hadi Dar es Salaam, kisha boti hadi bandari ya Malindi hapa Unguja, tyubu hupita mikono mingi isiyojua ilichobeba.

Anza na dakika 15. Jani likianza kujikunja, kung'aa kama lililopakwa mafuta, au kugeuka rangi ya shaba, umezidisha. Mche huo haurudi tena kuwa wa kuuzwa.

Nafasi ya tatu: tyubu ya LED ya UVB

Ni nzuri na ni ghali. Vitaa vya UVB bado hugeuza asilimia chache tu ya umeme kuwa mwanga, kilichobaki ni joto, na bei ya kila kitaa ni kubwa. Ukipata ya nanomita 285 hadi 310 yenye karatasi ya vipimo, na una mteja wa uhakika, inunue. Haina zebaki, haivunjiki ovyo, inawaka papo hapo. Watu hulalamika kuwa maisha yake ni mafupi, lakini kwa nusu saa kwa siku hata saa elfu chache ni miaka mingi. Chumvi na joto vitaiua kabla, kwa hiyo chunguza bati lake la nyuma la kutoa joto.

Anayelima matango au matikiti ndani ana sababu nyingine ya kuitaka: ubwiri unga, kuvu wanaofunika majani kama unga mweupe. Kuvu hao hutengeneza upya vinasaba vyao vilivyoharibiwa na UVB kwa kutumia mwanga wa buluu na UVA. Ukiwapiga UVB kidogo katikati ya usiku, kiza kikabaki kiza baada yake, hawapati nafasi ya kujitibu. Wakulima wa stroberi nchi za baridi wanafanya hivyo sasa, na dawa wanapunguza.

Nafasi ya nne: taa kubwa iliyochanganywa na UV

Vitaa mia mbili vyeupe, vinne vya UV pembeni, na bei imepanda. Huwezi kuvizima peke yake, huwezi kuvisogeza, na mara nyingi ni vya 395. Kama taa yenyewe ni nzuri kwa mwanga mweupe, inunue kwa sababu hiyo, UV uihesabu haipo.

Za kuwachwa dukani

Balbu za zambarau za disko na za kukagulia noti, ziache. Taa za kuulia vijidudu za nanomita 254, ambazo zilijaa madukani wakati wa korona, ziogope. Zitaunguza mimea, macho na ngozi, na zimeandikwa "UV" kwa herufi zile zile. Na taa iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani itakufa siku ya kwanza kwenye 230 zetu. Tafuta palipoandikwa 100–277 au 220–240, kisha uichomeke kupitia frijigadi. Sisi tulioishi miezi ile mitatu ya kiza, Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika, tunaujua umeme wetu. Afadhali yake ni kwamba UV si chakula cha mmea. Ukikatika siku mbili, hupotezi kitu, hivyo usiitie kwenye betri.

Utakutana pia na ushauri mwingi wa UV ulioandikwa kwa wakulima wa bhangi katika nchi zinazoiruhusu. Hapa ni kosa la jinai, na vipimo vyao havifai saladi hata chembe. Vipite.

Vitu vya kununua siku ile ile

Miwani. Si ya jua ya barabarani, ni ya kazi inayokaa hadi pembeni mwa macho, yenye alama ya kukinga UV, EN 170 au U6. Kijana anayetusaidia alipanga trei chini ya UVB kwa dakika arubaini kwa sababu "haiwaki sana". Saa nane usiku mama yake akanipigia simu: mwana hawezi kufumbua macho, anasema yamejaa mchanga. Yalipona baada ya siku mbili, lakini siku mbili zile nililala vibaya kuliko yeye. Tangu hapo tuna swichi mlangoni. Mlango ukifunguliwa, UV inazima, hata awe ni mimi nina haraka.

Taima, kwa sababu hakuna binadamu anayekumbuka dakika 15 kila siku. Na karatasi ya alumini ya kuzungushia rafu. Rangi nyeupe ya ukutani, ambayo kila mtu anaisifu kwa kurudisha mwanga, huimeza UV, kwa vile ndani yake mna titani dioksidi. Alumini huirudisha. Mabomba na vifungio vya plastiki vilivyo karibu na UVB vifunike kwa alumini hiyo hiyo, la sivyo mwaka haumaliziki vinakatika kama biskuti.

Kipimo cha mwanga ulicho nacho hakitakusaidia, kinasoma 400 hadi 700 tu, na programu ya simu ndiyo kabisa. Wenye kutumia UVB sana hununua Solarmeter 6.5, inayosoma fahirisi ya UV kama ile ya watabiri wa hali ya hewa. Kwa tyubu moja si lazima. Weka trei moja ya saladi mbele peke yake siku mbili kabla ya nyingine, uiangalie asubuhi na jioni, na jani lake litakwambia kama urefu wa kamba uliyoitundikia taa unatosha.